Tusome vitabu vizima au sura teule? Naomba ushauri kwa kikundi chetu cha usomaji

Mwalimu wa Mafinga

Kamwene ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, na salamu kwa wote mtakaopita hapa kutoka kwingineko.

Ninafundisha Kiswahili kidato cha tano na cha sita hapa Mafinga. Muhula ujao mimi na walimu wenzangu wawili tunakusudia kuanzisha kikundi cha usomaji kitakachokutana Jumamosi mchana, nje ya ratiba ya masomo, kwa wanafunzi watakaopenda na kwa walimu watakaopata nafasi. Kikundi hakijakutana hata mara moja na tayari sisi watatu tumegawanyika. Mmoja anataka kila mkutano uwe na sura moja au mbili zilizoteuliwa kutoka katika kitabu tofauti, ili mwanafunzi afike mwisho wa mwaka akiwa amewaonja waandishi wengi. Hoja yake ni kwamba kijana akikwama katikati ya kitabu kinene atavikatia tamaa vitabu vyote. Mwingine anasema kwamba sura ya riwaya haina thamani nje ya riwaya yake, na anataka tuchague vitabu viwili au vitatu kwa mwaka mzima, visomwe kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Mimi nimebaki katikati. Mitihani yetu huuliza maswali ya aina ya "Kwa kutumia riwaya mbili ulizosoma, jadili...", na mwanafunzi hutakiwa kueleza dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa ya mwandishi, kisha muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha. Yote hayo yanauzwa steshenari yakiwa yamekwisha kupikwa, ndani ya pamfleti ya kurasa chache. Juzi nilizitoa kabatini nakala za riwaya zetu nikazitazama kwa ubavuni. Kurasa za mwanzo zimekuwa nyeusi kwa vidole na pembe zake zimekunjika. Zinazofuata zinazidi kuwa safi. Na kuelekea mwisho ziko ambazo hazijawahi kuachanishwa tangu kitabu kilipotoka kiwandani. Hata hivyo wanafunzi walioazima nakala hizo hunieleza mwisho wa hadithi bila kusita, na hunitajia nani ni mhusika bapa na nani ni mhusika duara. Ninapowauliza ni jambo gani lililomfanya mhusika huyo duara aanze kubadilika, darasa linakuwa kimya.

Kwa hiyo naziogopa sura teule, kwa kuwa zinakaribia sana kuwa pamfleti nyingine. Lakini naogopa pia kulazimisha kitabu kizima, kwa sababu kikundi ambacho nusu ya wanachama wamemaliza na nusu wako mwanzoni hakina la kuzungumza, na hufa upesi. Naomba mnieleze: ni nini hasa kinachopotea mtu anaposoma sehemu tu ya kitabu? Je, viko vitabu ambavyo ukivisoma kwa sehemu havipotezi kitu?

Mkutubi mstaafu, Mbeya

Mwalimu, pole na hongera kwa pamoja. Nimeishi miaka mingi kati ya rafu na wasomaji, na ninaweza kukuambia kwamba wengi wa watu wanaoingia maktaba hawaji kusoma kitabu kizima, wala hakuna sababu ya kuwalaumu. Anakuja fundi kutafuta jedwali la vipimo, anakuja mwanafunzi kutafuta ramani, anakuja mzee kuhakikisha mwaka wa tukio alilolishuhudia. Kitabu chenyewe kiliundwa hivyo. Katika gombo, msomaji alilazimika kukunjua kutoka mwanzo hadi alipotaka. Kitabu cha kurasa zilizoshonwa upande mmoja, ambacho kilichukua nafasi ya gombo katika karne za kwanza baada ya Kristo, kilimruhusu kufungua popote, kuweka kidole ukurasa mmoja na jicho ukurasa mwingine, na kurudi nyuma bila taabu.

Baadaye vikaongezwa vitu vya kumsaidia msomaji wa sehemu. Mgawanyo wa Biblia katika sura, kama tuujuavyo, unahusishwa na Stephen Langton, aliyekuwa baadaye Askofu Mkuu wa Canterbury, mwanzoni mwa karne ya 13. Namba za mistari tunazozitumia katika Agano Jipya zilichapishwa na Robert Estienne mwaka 1551. Ninataja hilo kwa sababu watu wengi hudhani kwamba sura na mistari ni kazi ya waandishi wenyewe. Waraka kwa Wakolosai haukuandikwa ukiwa na sura nne. Ulikuwa barua, na mwishoni mwake mwandishi anaagiza kwamba ukiisha kusomwa hapo upelekwe ukasomwe katika kanisa la Laodikia pia. Hakuna anayepeleka nusu ya barua. Sisi tumezoea kuchukua mstari mmoja wa barua hiyo na kuuandika nyuma ya daladala.

Nikirudi kwenye swali lako, nadhani jambo la kutazama si kiasi cha kurasa. Samuel Johnson, yule Mwingereza aliyetunga kamusi ya mwaka 1755, aliulizwa mwaka 1773 kama alikuwa amekisoma kitabu fulani kipya kilichosifiwa sana. Akasema amekichungulia. Muulizaji akashangaa kwamba hajakisoma chote, naye Johnson akamgeuzia swali: kwani wewe huvisoma vitabu mpaka mwisho? Anayelisimulia hilo kwa kujitetea husahau kwamba Johnson alikuwa mtu aliyesoma kupita kiasi, na alijua kwa kuchungulia tu ni wapi pa kutua. Sehemu aliyoisoma aliiteua yeye. Wanafunzi wako nao wanasoma sehemu, lakini sehemu hiyo imeteuliwa na mwandishi wa pamfleti ambaye hawamjui, hawawezi kumhoji, na pengine naye alinakili kwa mwingine.

Ushauri wangu kwa kikundi ni kwamba kabla hamjasoma sura yoyote ya kitabu cha maarifa, mtumie kipindi kizima kukikagua: jalada la nyuma, ukurasa wa yaliyomo, dibaji, faharasa kama ipo, na aya ya mwisho ya kila sura. Kisha kila mwanafunzi aseme angependa kusoma sura ipi na kwa nini. Mtu aliyefanya hivyo anajua alichokiacha. Hata kamusi ina mlango wa kuingilia: nimeulizwa mara nyingi maana ya alama kama [ki-/vi-] katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu, na jibu liko katika kurasa za mwanzo ambazo hazina mgeni.

Wakili, Iringa mjini

Nimefurahishwa na maelezo ya Mkutubi, lakini siwezi kukubali kwamba tofauti iko kwa nani aliyeteua. Ninao mfano unaonijia ofisini kila baada ya muda.

Anakuja mtu na karatasi iliyochapwa kutoka kwenye simu, yenye mstari mmoja wa jedwali lililo mwishoni mwa Sheria ya Ukomo (Sura ya 89 ya Sheria za Tanzania) unaosema kwamba muda wa kufungua shauri la kudai ardhi ni miaka 12. Anaongeza kwamba yeye amelima kiwanja cha ndugu yake kwa muda unaozidi huo, na kwa hiyo kiwanja ni chake. Mtu huyo hakuteuliwa kipande na mtu yeyote. Amekitafuta mwenyewe, amekipata, na amekiamini kwa sababu kinampendeza.

Tatizo ni kwamba jedwali linataja muda tu. Muda huo unaanza kuhesabiwa lini, na ni mambo gani yanayoweza kuusimamisha, hayo yamo katika vifungu vilivyo katikati ya sheria hiyo hiyo. Kisha liko jambo ambalo halimo katika sheria hiyo hata ukiisoma yote: mahakama zetu zimekwisha kusema mara nyingi kwamba mtu aliyekaribishwa kwenye ardhi na mwenyewe hageuki kuwa mmiliki kwa sababu tu amekaa muda mrefu. Na ukitaka kujua maneno ya kawaida ya kisheria yanasomwaje, unarudi kwenye Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1. Mteja amesoma mstari wa kweli kabisa, usio na kosa hata la chapa, na ametoka na uongo.

Mimi mwenyewe sisomi sheria nzima kila ninapoandaa shauri. Hakuna wakili anayeweza. Lakini chuoni tulilazimishwa kuzisoma nzima nzima, zikiwa kavu na za kuchosha, mpaka tukajua umbo la sheria: tafsiri za maneno ziko mwanzoni, kanuni katikati, masharti yanayoipunguza makali kanuni yanafuata, majedwali mwishoni. Kwa hiyo, Mwalimu, mimi namuunga mkono mwenzako wa vitabu vizima, walau kwa hao vijana. Wamalize kwanza vichache. Ruhusa ya kuruka watajipa wenyewe baadaye.

Bwana shamba, karibu na Uyole

Nitasema kwa ufupi. Mkulima wa viazi mviringo akiona majani yananyauka, hufungua kitabu cha kilimo moja kwa moja kwenye ukurasa wa bakajani chelewa, kwa sababu ndio ugonjwa anaousikia kila msimu wa mvua, na ukurasa huo una jedwali la dawa za ukungu na vipimo vyake. Ananunua, ananyunyiza, na viazi vinaendelea kufa, kwa sababu ulikuwa mnyauko wa bakteria, ambao hautibiwi na dawa yoyote ya ukungu. Namna ya kuutambua iko sura ya mwanzo: kata kipande cha shina karibu na udongo, kisimamishe kwenye glasi ya maji safi, usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe mzito unashuka kutoka kwenye mkato, weka bomba chini, ng'oa mimea iliyougua uitoe shambani, na usirudishe viazi wala nyanya hapo kwa misimu kadhaa.

Simwambii mkulima asome kitabu kizima, maana hana muda huo wakati mvua inanyesha. Namwambia asome sura ya utambuzi kabla ya sura ya dawa. Mwalimu, pengine na vitabu vyako vina sura ambayo hairukwi.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Iringa

Shikamooni wakubwa zangu.

Ninasoma ualimu, na ninaomba nisemee upande ambao haujasemewa. Katika muhula mmoja tuna kozi kadhaa, na kila mhadhiri ana orodha ya vitabu. Kitabu kinachotajwa kipo nakala moja maktaba, nayo hairuhusiwi kutoka nje, tunaipanga foleni. Mhadhiri mwenyewe hutuambia tusome sura ya nne. Tunaikopi, inaitwa desa, na inazunguka darasa zima mpaka herufi zinafifia. Sizungumzii Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, kwa kuwa najua Wakili yupo hapa. Ninachosema ni kwamba kumwambia mwanafunzi wa hali hii asome vitabu vizima ni kumwambia aliyeazima jembe kwa siku moja alime shamba lote.

Hata hivyo kuna kitu nilichokigundua, na kinakaribiana na alichosema Bwana shamba. Sura ya nne karibu kila mara huanza na maneno kama "kwa maana tuliyoieleza hapo awali", na neno ambalo mtihani utaliuliza ndilo hilo lililoelezwa hapo awali, katika kurasa ambazo hazimo kwenye desa. Vifupisho havieleweki. Mwandishi anambishania mtu anayeitwa kwa jina la ukoo tu, nasi hatujui ni nani, tunakariri kwamba alikosea. Kwa hiyo siku hizi ikifika zamu yangu ya kwenda steshenari, pamoja na sura tuliyoagizwa ninaongeza ukurasa wa yaliyomo, utangulizi, hitimisho, na orodha ya vifupisho. Wenzangu walilalamika kuhusu gharama mwanzoni. Sasa wanaulizia "zile kurasa za mbele".

Swali langu kwa Wakili: je, kama mtu hatapata kamwe nafasi ya kusoma kitabu kizima, asisome kabisa?

Wakili, Iringa mjini

Mdogo wangu, asome. Unachokifanya wewe na kurasa za mbele ndicho ninachokililia. Wateja wangu wangefanya hivyo ningekuwa na kazi nusu. Ila usiseme mtihani ukipita kwamba umekisoma kitabu hicho.

Msomaji wa Tukuyu

Ndugu zangu, mmezungumza kuhusu sheria, viazi na madesa, na Mwalimu aliuliza kuhusu riwaya. Mimi ni mama mtu mzima, nilifundisha zamani, na sasa nina muda wa kusoma ninachotaka.

Kitabu cha maarifa kina ghala. Unaweza kuingia ukachukua unachohitaji ukatoka. Katika riwaya, kinachosomwa ni kupita kwa wakati. Mwandishi anakuchosha makusudi kwa safari ndefu ya mhusika ili ufike nyumbani kwake ukiwa umechoka pamoja naye. Sura ya mwisho ukiisoma peke yake utajua nani alikufa, lakini hutahuzunika, kwa sababu hukuishi naye. Ndiyo maana wanafunzi wako, Mwalimu, wanaujua mwisho na hawajui sababu. Sababu imesambazwa katika kurasa mia mbili zinazoonekana kuwa za kawaida: mara moja mhusika anakataa kikombe cha chai, mara nyingine anajibu swali kwa kuchelewa. Hakuna pamfleti inayoweza kuorodhesha hayo, maana yakiorodheshwa yanakuwa si kitu.

Uliuliza kama viko visivyopoteza kitu. Mashairi nadhani yanavumilia kuliko vingine, lakini hata hayo yana nyumba yake. Shairi la Shaaban Robert la kumlilia mkewe Amina tumelifundisha madarasani kama shairi linalojitegemea, na linajitegemea kweli. Mtoto wa sekondari analielewa bila kuambiwa chochote. Sasa lisome mahali lilipo katika Maisha Yangu, ndani ya simulizi la ndoa yake na kifo cha mkewe, kati ya habari za kazi na za kulea watoto. Ni beti zile zile, na uzito wake si ule ule.

Kuhusu nani ateue, nawakumbusha njia ya tatu ambayo sisi Wamoravian wa Rungwe tumeizoea. Kanisa letu lilifika huku mwaka 1891, na limekuja na kijitabu cha mistari ya kila siku ambacho kilianza kuchapwa mwaka 1731 huko Herrnhut, Ujerumani. Mstari wa Agano la Kale hupatikana kwa kura, kisha wa Agano Jipya hutafutwa ili uambatane nao. Hakuna aliyeniteulia kwa kuwa ananijua, wala sikujiteulia kinachonipendeza kama mteja wa Wakili. Siku nyingine mstari unanigusa, siku nyingine ni jina la mji usiojulikana na sina la kufanya nao. Kwa hakika mstari huo unanituma kufungua sura nzima, maana unakuja umekatwa pande zote mbili. Hiyo ndiyo kazi nzuri ya kipande, kwa maoni yangu.

Jambo la mwisho. Mfaransa Daniel Pennac, mwaka 1992, aliandika haki kumi za msomaji, na miongoni mwake ni haki ya kuruka kurasa na haki ya kutomaliza kitabu. Naye alikuwa mwalimu. Mimi naitumia haki hiyo bila aibu. Nikifika theluthi ya riwaya na mwandishi bado ananihubiria, nakirudisha. Lakini nimekiacha kitabu baada ya kukipa nafasi, na ninaweza kukuambia ni ukurasa upi ulionichosha.

Ustadhi, Iringa

Assalaam alaykum. Mfano wa Mama wa Tukuyu umenikumbusha wa kwetu. Qur'ani ina sura 114 na imegawanywa juzuu 30, kwa hiyo anayesoma juzuu moja kwa siku huikamilisha katika mwezi wa Ramadhani. Lakini mtoto wa madrasa haanzi na juzuu ya kwanza. Baada ya Alhamdu anaanzia juzuu ya Amma, ambayo ni ya 30, yenye sura fupi, na kurudi nyuma polepole kuelekea sura ndefu. Amesoma sehemu, tena kutoka mwishoni, na hakuna anayeona kasoro, kwa sababu mtoto, mwalimu wake na wazazi wake wote wanajua amefika wapi na khitma, yaani kuikamilisha Qur'ani yote, iko wapi. Nadhani tatizo la pamfleti, Mwalimu, ni kwamba ukiimaliza inakuambia umefika.

Mwalimu wa Mafinga

Nawashukuru sana. Nimewasomea wenzangu majibu yenu chumba cha walimu, na mjadala ulipamba moto mpaka kengele ikatupita.

Mwenzangu wa sura teule amekubali kwamba riwaya zisikatwe, lakini hajakubali hoja ya Wakili kwamba vijana wamalize kwanza ndipo wapewe ruhusa ya kuruka. Anasema mawakili walilazimishwa kwa sababu walikuwa wanalipwa na cheti, na kikundi cha Jumamosi hakina cheti. Mwanafunzi asiyependa atakwenda kuangalia mpira. Hapo namuelewa. Mwenzangu mwingine naye anasema haki za Pennac zisitajwe mbele ya kidato cha tano kabla ya mwezi wa tatu.

Tunaelekea kufanya hivi. Riwaya moja kwa muhula, isomwe yote, lakini isomwe kwa sauti ndani ya mkutano kwa kupokezana, ili pasiwe na aliyetangulia wala aliyebaki nyuma, na ili nakala chache tulizonazo zitoshe. Nimekumbuka kwamba hadithi nyingi ambazo wazazi wetu walizipenda walizisoma vipande vipande gazetini, zikikatwa kwa neno "itaendelea", na walizijua zote. Hata Dickens alianza umaarufu wake kwa kitabu kilichotoka kwa matoleo ya kila mwezi mwaka 1836 na 1837. Vipande hivyo vilikuwa na mpangilio, na msomaji alijua kwamba bado. Vitabu vya maarifa tutavifanya kama Mkutubi alivyoshauri: kipindi cha kukagua, kisha kila kundi litetee sura litakayoisoma. Nimeongeza sharti kutokana na kisa cha Wakili, kwamba kila kundi lisome pia sura moja ambayo linadhani haitalipendeza.

Kimebaki kitu kimoja ambacho hatujakubaliana. Tukisoma riwaya kwa sauti, tukate wapi? Mwisho wa sura, au katikati?

Msomaji wa Tukuyu

Mwalimu, kateni katikati ya sura, mahali ambapo mtu ameuliza swali na hajajibiwa. Mwisho wa sura ni mahali ambapo mwandishi amemruhusu msomaji kupumzika, na msomaji aliyepumzika Jumamosi moja si lazima arudi Jumamosi ijayo. Waandishi wa magazetini walilijua hilo vizuri.

Na kurasa zilizogandana mziache hivyo hivyo. Atakayefikiwa na zamu ndiye aziachanishe mbele ya wenzake.

Mkutubi mstaafu, Mbeya

Kwa kisu cha mezani kisicho na makali, tafadhali, si kwa kidole. Na kuhusu nakala, Mwalimu, nendeni maktaba ya mkoa mkiwa na barua ya mkuu wa shule, muulizie kama shule inaweza kuazimishwa kwa pamoja badala ya mwanafunzi mmoja mmoja. Mpeleke orodha yenye vitabu zaidi ya kimoja, kwa mpangilio wa mnachokitaka kwanza, kwa sababu kile cha kwanza huenda kikawa na nakala mbili tu na moja yake haina sura ya mwisho.